Kasoro Iko Kwenye Kioo, Si Kwenye Vidole

Saa mbili asubuhi feni ya kibanda inazunguka kwa kujivuta, na Mama Risasi ameinamia sanduku la mbao lililolingana na tofali. Anagusa waya kwa ncha ya moto, anapuliza moshi, kisha ananyanyua mkono wa simu ya mezani uliolazwa juu ya sanduku. Kimya. "Povu limeingia tena," anasema. "Leo sanduku limenuna, lakini litasema tu."

Risasi ya jina lake si ya bunduki. Ni ile ya kuchomelea nyaya, ambayo haimtoki mkononi tangu alipoanza kutengeneza redio akiwa msichana. Redio bado ndizo zinazomlisha, kwa kuungaunga. Moyo wake uko kwenye sanduku hili.

Chanzo chake ni dada yake mkubwa, dobi wa mikono, aliyefua nguo za watu hadi vidole vikawa vigumu kama gome. Mwaka juzi binti pekee wa dobi, anayefanya kazi nchi ya mbali, alimtumia mama yake simu ya kioo. Ilipokelewa kwa vigelegele. Furaha haikumaliza wiki.

"Nagusa, haisikii. Nasugua, haisikii. Nikalamba kidole, wapi," anasimulia dobi akikunja shuka la mteja. "Siku moja mwanangu akapiga akiwa amelazwa hospitali. Uso wake nauona pale kwenye kioo, kumpata simpati. Ikaita mpaka ikachoka."

Binti alipona. Lakini alikaa muda mrefu akiamini mama yake amemsusa, na hilo linamuuma dobi mpaka leo.

Majirani walishauri dobi afundishwe kutumia simu. Ushauri huo ulimchoma mdogo wake kuliko ncha ya kuchomelea. "Afundishwe nini?" anauliza Mama Risasi. "Dada yangu kujua anajua. Kasoro iko kwenye kioo, si kwenye vidole."

Akachukua simu ileile, akailaza kifudifudi ndani ya sanduku, akaiunganisha na mkono wa simu ya zamani. Ikiita, unanyanyua. Ukimaliza, unarudisha. Kisha akazidisha ufundi: ukinyanyua wakati haijaita, inampigia yeyote uliyezungumza naye mwisho. Alidhani amerahisisha mambo.

Alisahau jambo moja. Dobi hawezi kupita karibu na meza bila kuifuta vumbi. Akanyanyua mkono wa simu, akauweka kando, akawa anafuta huku akimsimulia mdogo wake ubahili wa wifi yao. Mtu wa mwisho kupigiwa alikuwa wifi huyohuyo.

"Tukasikia sauti mezani: 'Endeleeni tu, nasikiliza,'" anasema Mama Risasi, akicheka hadi anavua miwani. "Nilikwenda kuomba radhi, sikupewa hata maji."

Aliporudi alimuuliza dada yake swali ambalo, anakiri, lilipaswa kuwa la kwanza: vidole hivi vinatambua nini kwa urahisi? Dobi aliingia ndani. Alileta kopo la vifungo, vile vinavyodondoka kwenye nguo za wateja na kukosa mwenyewe.

Sasa vifungo hivyo ndivyo vya kupigia, kila kimoja na mtu wake. Kile kikubwa cha koti, chenye matundu manne, ni binti. Cha shati ni Mama Risasi. Cha wifi kimeshonewa kitambaa juu, kisije kikaguswa kwa bahati mbaya.

Mapema mwaka huu kampuni moja ya vifaa ilimwita. Wakasifia, wakamnywesha chai, wakataja fedha ambazo redio zisingempa kwa miaka mitatu. Masharti yao yalikuwa matatu: vifungo viondolewe, kiwekwe kioo kidogo, na dukani iitwe Simu ya Wasiojua.

"Nikawauliza, huyo asiyejua ni nani? Nikabeba sanduku langu nikatoka."

Hajuti? Kodi ya kibanda imechelewa, na hafichi. "Njaa tunafahamiana, si mgeni kwangu," anasema. "Ila dada yangu kanilea. Siwezi kumtia sokoni kwa jina la mjinga."

Seremala wa jirani amekubali kumkatia mbao, alipwe kazi ikianza kuingiza pesa. Masanduku ya kwanza ni ya madobi wenzake na dada yake. "Sitaki waje na pesa kwanza," anasema. "Waje na mikono yao niione. Na kila mtu aje na vifungo vyake."

Jina amekwisha kuliandika. Anageuza sanduku, na ubavuni, kwa herufi zilizochomwa kwa ncha ya moto na kupinda kidogo, pameandikwa: SIMU YA WENYE MIKONO. Wale wa kampuni wakitaka kurudi, anasema, jina ndilo hilo, na vifungo havitoki.

Mchana sanduku limeshapona; analibeba hadi uani kwa dada yake na kuliweka juu ya stuli. Dobi yuko kwenye beseni, mikono ndani ya povu hadi viwikoni, anasugua kola. Hawajamaliza salamu, simu inaita.

Dobi hatafuti kitambaa. Ananyanyua vilevile, povu likimchuruzika mpaka kwenye mbao, na mdogo wake anamwacha, ingawa anajua kesho atalifungua tena sanduku hilo alikaushe.

"Nipo, mwanangu," anasema dobi. "Nimekupata."