Beji ya Bega la Kulia

Hapa mtaani Bertrams hakuna fundi wa kushona anayenifikia, na hilo silisemi kwa kujisifu, waulize watu. Nilitoka Uvira na mkasi wangu tu, shule niliiacha darasa la tano, na leo nina duka, na nusu ya walinzi wa Hillbrow wamevaa sare za mkono wangu. Kwa hiyo mzee Mmarekani anayekaa mtaa wa jirani, Troyeville, aliponiletea koti lake la jeshi nilipunguze, sikumwuliza chochote. Ningeuliza nini mimi?

Mzee huyo alioa huku, mke akafa, akabaki peke yake, na mwili ukawa unapungua. Koti lilimpwaya. Alilitaka Jumamosi, maana kila mwaka wenzake wa vitani waliobaki huonana kwa simu ya video, kila mmoja na koti lake.

"Wakiniona nimekonda hivi," alisema, "watajua ni zamu yangu."

Nikafumua mikono yote miwili, nikaikata upya. Beji ya divisheni yake ilikuwa bega la kulia. Nikacheka. Sare zote ninazoshona hapa, beji inakaa kushoto. Nikaihamishia kushoto, nikaipiga pasi ikanyooka vizuri.

Jumamosi akaja, akalivaa mbele ya kioo. Lilimkaa sawasawa. Nikangoja sifa zangu. Yeye akapapasa bega la kulia.

"Bosi, iko wapi?"

"Nimekurekebishia, mzee. Ilikuwa upande mbaya."

Hakukasirika. Aliketi kwenye kiti cha wateja akanieleza. Kwao, kushoto unavaa kikosi ulichomo sasa. Kulia unavaa kile ulichokwenda nacho vitani. Divisheni yake, askari wa miguu, ilipelekwa Vietnam, kwenye mito na mashamba ya mpunga. Walitembea majini mpaka ngozi ya nyayo ikabanduka. Halafu divisheni ikarudishwa kwao vipande vipande, ikavunjwa, na yeye hakuingia kikosi kingine tena.

"Kushoto sina mtu," alisema.

Eish. Nikafumua beji, nikairudisha kulia kwa sindano ya mkono, yeye amekaa na fulana tu. Saa ya wenzake ilikuwa imefika, nikamwambia apige hapohapo, intaneti yangu mtaa huu haina mpinzani.

Kwenye simu ulitokea uso mmoja tu. Mzee mnene, mpira wa oksijeni puani, beji ileile bega la kulia.

"Koti la nani hilo?" akauliza yule. "Umemwibia mjukuu?"

"Nina fundi, wewe. Lako halifungi hata kifungo."

Wakacheka mpaka yule akakohoa.

"Wengine wako wapi?" mzee wangu akauliza.

"Nilidhani wewe ndiye unajua."

Wakabaki kutazamana, hakuna anayekata simu. Mimi nikajifanya napanga nyuzi.

Alipoondoka hakulivua koti, na jua lilikuwa kali. Nilimwambia mwakani aje tena kupigia hapa, na likimpwaya nitalipunguza bure. Wanangu nyumbani nikiwasimulia safari yangu hunijibu "sharp, Papa," yaani sawa, macho yao kwenye simu. Bega langu la kulia lingekuwa la vijana wa Uvira niliopanda nao malori kuja huku. Sijui hata mmoja yuko wapi. Kushoto nina duka. Na duka lenyewe ni kubwa, njoo ulione.