Ubeti wa Upepo

Kiangazi kile niliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili wimbo wa kumshukuru Mungu kwa jua, ndege na upepo. Tulifanya mazoezi nje ya kanisa letu, chini ya mlima wa Matogoro uliokuwa bado mweusi kwa moto wa nyika.

Moto huo ulimkuta mzee jirani yetu akijaribu kuokoa mizinga yake ya nyuki. Hakurudi. Mjukuu wake, binti wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wenzake wote. Tulipofika ubeti wa upepo alinyamaza.

"Mbona huimbi, mama?" nilimuuliza.

"Mwalimu, upepo ndio uliopeleka moto kwa babu."

Nikawaambia watoto ubeti ule tutauruka.

Jumapili, mbele ya waumini, wenzake walisahau wakauimba. Nilipunga mkono kuwazuia, wakadhani nawahimiza, wakapaza sauti zaidi. Yeye alisimama katikati yao akitazama sakafu. Bibi yake akainuka, akamshika mkono, wakatoka. Watu wakapiga makofi.

Bibi huyo bado namwamkia njiani, naye huitikia vizuri tu. Mtoto hajaja tena kuimba.