Kichaka Alichochagua Mama

Ukisugua jani la mleleshwa kati ya vidole, utaijua harufu ninayoisema. Inakaribia ile ya dawa ya kuchua kifua, lakini ndani yake kuna vumbi, na jua, na kitu kichungu kidogo kinachobaki puani hata ukinawa mikono. Kila ninapoinusa, nakuwa tena mtoto niliyechuchumaa ukingoni mwa korongo, nikimsubiri mama yangu atoke kichakani.

Kazi yangu leo ni kuchagua mimea ya kupanda katika mazizi ya bustani ya wanyama, mbali na nyumbani. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kupamba. Siwalaumu. Mimi huwaeleza kwamba kwanza tunauliza kama mmea una sumu. Kisha tunauliza kama mnyama ataula wote ukaisha kabla haujashika mizizi, kama miiba yake itamtoboa jicho, na kama utampa kivuli jua likiwa utosini. Hayo nilifundishwa chuoni. Liko swali moja zaidi ambalo sikufundishwa chuoni, nami hulijibu kwa kupiga magoti. Nikae nawe kidogo nikusimulie lilikotoka.

Kwetu ni Tumati, kule juu Mbulu, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Uwanja wa nyumba kwetu hufagiliwa kabla ya chai kunywewa. Majani hung'olewa, vichaka hufyekwa, hadi nyumba inabaki imesimama peke yake juu ya udongo mwekundu kama kikombe juu ya meza. Kuna sababu. Kichaka karibu na mlango ni kitanda cha nyoka na mlango wa fisi. Bibi yangu alikuwa na neno lake: "Nyumba iliyoota majani mlangoni haina mtu." Na mgeni akitarajiwa tulifagia mara ya pili, tukinyunyiza maji vumbi litulie, maana mgeni huheshimiwa kwanza kwa ufagio.

Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume, naye akafariki kabla ya kubatizwa. Watu walikuja. Kwetu aliyefiwa haachwi peke yake. Akinyamaza utaimba wewe, akisahau kula utamshikia sahani. Mkeka ulitandikwa katikati ya uwanja, mama akaketishwa hapo, na kutwa nzima akapokea mikono. "Pole, Mama Neema." "Nimeshapoa." "Mungu akutie nguvu." "Amina." Hakulia. Wanawake wa jumuiya walimsifu wakisema ana moyo mkubwa. Mimi nilikuwa nikibeba vyombo, nikaona sahani yake ilirudi jikoni jinsi ilivyokwenda. Siku iliyofuata pia.

Watu walipopungua, baba alisema hewa ya mlima itamrudisha. Tukapanda basi hadi Gitting, kwa kaka yake baba, ambaye mimi nilimwita Baba mkubwa. Mlima Hanang ulikuwa juu ya nyumba yake, mara nyingi umejifunika wingu kichwani kama mama mkwe asiyetaka salamu.

Baba mkubwa alikuwa mwalimu aliyestaafu, na mapenzi yake yote yalikuwa yamehamia kwa wanyama. Alikuwa na kibali cha kutunza wale walioumia au kupoteza mama, ili wanafunzi wa shule za jirani waje wawaone. Alikuwa na kobe, kanga, na nungunungu mwenye hasira. Na tulipofika, alikuwa amepokea mgeni mpya: pongo mchanga, mnyama wa jamii ya swala, jike, mwekundu, mwenye madoa meupe mgongoni kana kwamba mtu alimnyunyizia maziwa.

Aliyemleta alikuwa Mzee Gidamis, mfugaji wa tambarare za chini, rafiki wa Baba mkubwa na adui yake wa utani. Alimkuta korongoni alipokuwa akinywesha ng'ombe. Mbwa walikuwa wamemuua mama yake. Mzee alimfunga kwenye shuka akampandisha mlima mgongoni kama mtoto.

Na Baba mkubwa alimwandalia nyumba. Laiti ungeiona! Alizungushia wavu sehemu pana ya shamba, akafyeka kila kitu, akafagia, akanyunyiza maji. Pembeni akapanda maua ya kana, mekundu na ya njano, kwa mstari, bogenvilia mlangoni, na mawaridi aliyoyatoa mbele ya nyumba yake mwenyewe. Majani ya chini yalikatwa mafupi kama ya ofisi ya wilaya. Katikati aliweka kijibanda cha bati na karai la maji safi. Mimi niliona ni pazuri kuliko nyumbani kwetu.

Pongo alisimama pembeni kabisa, uso wake ukiwa umebanwa kwenye wavu, mgongo kwetu. Mbavu zake zilikwenda haraka haraka. Alipewa matembele, majani ya maboga, mahindi machanga. Hakugusa. Tulipokaribia alikimbia hadi kona nyingine, akabana uso tena.

Bwana mifugo aliitwa, akampima, akasema haoni ugonjwa. "Anashangaa tu," alisema. "Mpeni muda. Lakini asipokula, muda wenyewe ni mfupi."

Mzee Gidamis alikuja kuuliza hali. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia bila kutuangalia, macho yake yakiwa kwenye kana na mawaridi.

"Ninyi Wambulu," alisema, "mnafyeka mpaka kivuli chenu."

"Na ninyi mnalala na ng'ombe kitanda kimoja," Baba mkubwa akamjibu.

"Ng'ombe hakoromi kama wewe."

Walicheka, kisha wakamtazama pongo, kicheko kikakatika. Mzee Gidamis alikuwa na shauri lake: mnyama peke yake hufa. Wamzungushie boma la miiba, uwanja uwe wazi, wamwekee mbuzi wawili wa kumpa moyo. Walijaribu. Mbuzi walikula mawaridi yote kabla ya jioni, na pongo hakuwatazama. Baba mkubwa aliwatoa mbuzi, na kwa muda fulani jina la Mzee Gidamis halikutajwa pale nyumbani.

Mimi nadhani wazee wale wawili walifanya kitu kimoja. Kila mmoja alimpa yule yatima kitu kizuri alichokijua: mmoja uwanja uliofagiliwa, mwingine boma na wenzake. Upendo ulikuwepo, tena mwingi. Nakuambia hivi ili usije ukawacheka. Hata mimi mwenye cheti nimekosea hivyo hivyo zaidi ya mara moja.

Mama alikuwa akikaa kwenye benchi karibu na wavu. Habari za msiba zilikuwa zimefika Gitting kabla yetu, kwa hiyo hata huko wanawake walikuja kumpa pole, na kila mara alinyanyuka, akatoa mkono, akasema ameshapoa. Walipokuwa wakiongea, yeye alimtazama pongo kwa namna iliyonitia hofu. Hakuwa akimhurumia. Alikuwa akimtazama kama mtu anayetazamana na jirani ng'ambo ya barabara.

Alasiri moja pongo alipiga magoti, hakuinuka. Baba mkubwa aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda, mikono juu ya kichwa. Mama alichukua panga, jembe na magunia.

"Neema, twende."

"Wapi, mama?"

"Alikotoka."

Korongo lilikuwa chini ya mashamba, na vichaka vyake vilikuwa vimeshikana kama nywele zisizochanwa. Mama alipita kando ya maua ya porini bila kuyatazama. Alisimama mbele ya kichaka, akakizunguka, kisha akanigeukia.

"Chuchumaa. Zaidi. Kichwa chako kiwe sawa na cha pongo."

Nilichuchumaa. Yeye akaenda nyuma ya kichaka.

"Unaniona?"

"Nakuona miguu."

Tukaenda kwenye kingine, mkwamba uliorefuka juu lakini chini ulikuwa mtupu. Nilimwona magoti. Kingine, nikaona kitambaa chake. Kisha tukafika kwenye mleleshwa, mnene, majani yake ya kijivu na meupe kwa chini kama yaliyopakwa unga, matawi yake yakigusa udongo. Akaingia nyuma yake.

"Unaniona?"

"Sikuoni."

"Tazama vizuri."

"Sikuoni kabisa, mama."

Nilisubiri aseme, "Basi, huu tunachukua." Hakusema. Nilisikia matawi yakivunjika kidogo, kama mtu anayekaa chini. Kisha nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya mnyama. Ilikuwa ya chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Nilishika jani lililokuwa karibu nami nikalisugua na kulisugua, kwa sababu mikono yangu haikujua kazi nyingine. Sikumwita. Sijui ni nani aliyenifundisha nisimwite.

Alipotoka, vumbi la majani lilikuwa limeshika nywele zake na uso wake ulikuwa umelowa. Alijifuta kwa kanga.

"Huu," alisema. "Na ule wa pembeni. Leta gunia."

Nikuambie kitu ambacho wanaoanza kazi yetu hukisahau. Kichaka kilichong'olewa hakifichi mtu siku hiyo hiyo. Majani hunyauka, na lazima uyapunguze ili mizizi isizidiwe. Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Tulichimba miche michanga, kila mmoja na udongo wake, tukaifunga kwenye magunia yaliyoloweshwa. Na tulikata matawi makubwa ya kuchomeka ardhini, yasimame kama kichaka cha muda wakati ile miche ikishika.

Baba mkubwa alitukuta kwenye lango la zizi tumebeba mizigo.

"Shemeji, unaniletea pori nyumbani?"

"Ndiyo, shemeji."

"Wanafunzi watakuja kutazama nini? Majani?"

"Waje watazame mahali anapokaa," mama alisema. "Akipenda, watamwona yeye."

"Na asipopenda?"

Mama aliweka mzigo chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akimwambia mtu mzima zaidi ya neno la adabu.

"Shemeji, tangu afike hapa kila mtu anamtazama. Wote tunampenda, na wote tunamtazama. Anapumzikia wapi?"

Baba mkubwa alisogea kando ya lango. Nyuma yake alisimama baba yangu, na baba hakuwa akimwangalia pongo. Alikuwa akimwangalia mama. Alinyoosha mkono, akalipokea jembe kwa mama, akaenda kung'oa mstari wa kana.

Walipanda hadi giza likakaribia. Matawi yalichomekwa kona ile pongo alipoangukia, yakamzunguka alipolala, bila mtu kumgusa. Matembele yaliwekwa ndani. Kisha mama akatuondoa wote, hata benchi lake akalibeba.

Asubuhi zizi lilionekana tupu. Baba mkubwa alivua kofia, akidhani ameshakufa humo ndani, akataka kuingia. Mama alimzuia kwa mkono. Tukasimama. Ndani ya majani ya kijivu, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yamepita mara kadhaa, sikio moja lilitikisika, likafukuza nzi. Kisha tukasikia sauti ndogo, kavu, ya meno yakisaga matembele.

Hakuna aliyeshangilia. Baba mkubwa alirudisha kofia kichwani, akaenda kutafuta ufagio, kisha akakumbuka na kuurudisha mahali pake.

Pongo aliishi. Baadhi ya mileleshwa tuliyohamisha ilikufa, mingine ikashika, na matawi ya muda yalibadilishwa hadi hayakuhitajika tena. Wanafunzi walikuja wakatazama majani kwa subira, na mtoto aliyeliona sikio alikuwa mtu maarufu shuleni kwa wiki nzima. Mzee Gidamis alisema kwamba hatimaye Mmbulu mmoja amepata akili, naye ni mwanamke. Mama alicheka. Kidogo, lakini nilimsikia.

Nilikua nikidhani hiyo ilikuwa habari ya pongo. Hata nilipochagua kazi hii nilidhani hivyo. Tuliporudi Tumati, baba alichimba shimo nyuma ya jiko, akapanda mleleshwa aliokuja nao kwenye basi ndani ya gunia lenye maji, akiuvumilia ukali wa kondakta. Majirani walimshangaa. "Baba Neema, unafuga fisi?" Yeye alijibu kwamba ni dawa ya mafua. Niliamini. Alikuwa mtu wa uwanja safi kuliko wote pale kijijini, lakini ile sehemu hakuifagia kamwe, wala hakuturuhusu watoto kucheza huko, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuikaribia mama akiwa hayupo machoni. Ilinichukua hadi nilipokuwa na huzuni yangu mwenyewe, na nyumba iliyojaa watu wema, kuelewa kwamba baba alikuwa amesikia lile swali la mama langoni, na kwamba lile ndilo lilikuwa jibu lake.

Sasa baba hayupo. Safari hii nilipokwenda nyumbani nilikuta mlango wazi, chai mezani ikiwa imepoa, uwanja umefagiliwa, na mama haonekani. Nikazunguka nyuma ya jiko. Mleleshwa umekuwa mnene, matawi yake yanagusa udongo. Nilipiga magoti kama nifanyavyo kazini, nikatazama, sikuona kitu.

"Shikamoo, mama," nikakiambia kile kichaka.

"Marahaba," kikajibu.

Nikaenda jikoni kupasha chai.