Mwanamke Aliyewasha Moto wa Majirani

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kwa simu ya binti wa jirani wa zamani, nikiwa bado sijamaliza chai. "Mama, yule mama wa nyumba ya mwisho ametutoka," alisema, bila kutaja jina, kwa kuwa alijua sihitaji kuelezwa ni nyumba gani. Amefia Arua, kitandani mwake, katika umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshazikwa, kama dini yake inavyotaka. Mazishi sikuyawahi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba si kawaida yangu kuandika habari za marehemu katika ukurasa huu; marehemu wana watu wao wa kuwalilia. Huyu hakujaliwa mtoto, mume wake alipotea zamani, na kati yangu na marehemu kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Wiki hii naomba mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mimi na mume wangu tulihamia mtaa mpya nje kidogo ya Arua, kando ya barabara ya Koboko. Arua haikuwa jiji wakati ule, lakini sisi tuliotoka mashambani Kuluba tuliiona jiji kamili. Mtaa wenyewe ulikuwa nyumba kumi na mbili za matofali, safu mbili zikitazamana, kila moja na jiko lake la nyuma, kamba yake ya kuanikia na kiwanja cha kutosha migomba michache. Asubuhi wanaume walipanda baiskeli kwenda mjini, kwenye ofisi na karakana na maduka, na jioni walirudi kwa msururu, kengele zikilia, watoto wakikimbia hadi barabarani kuwapokea. Mchana kutwa mtaa ulikuwa wa wanawake na watoto. Mtoto alikula popote njaa ilipomkuta. Ukisikia kilio, ulitoka bila kujiuliza ni cha nani. Wakwe zangu walipotutembelea walisema tumebahatika kupata mahali pa kulelea, na mimi niliamini hivyo, na nilitembea nikijiona.

Nyumba ya mwisho, ile iliyopakana na barabara, ilikuwa ya dereva Mnubi na mke wake, pamoja na mama mzaa dereva, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja. Mke alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, fundi wa kusuka kawa za kufunikia chakula, za rangi kali zilizopendeza macho. Watoto hawakuwako. Katika mtaa uliojaa watoto kiasi kile, nyumba isiyo na mtoto ilitazamwa kama kidonda. Wanawake tulisema mambo. Tulisema anawaangalia watoto wa watu kupita kiasi. Tulisema anajua majina yao yote, hata ya wachanga, na kwa nini ayajue? Siku moja binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, alirudi na kipande cha andazi alichopewa na yule mama. Nilimnyang'anya, nikalitupa kwenye majani, nikamsafisha mdomo kwa maji na chumvi. Nilifanya hivyo uani, mchana, bila kujificha. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwake akiniangalia.

Mwaka 1979 serikali ilipoanguka na vita vikaanza kupanda kuelekea kwetu, hofu ilifika kabla ya askari. Barabara ya Koboko ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Asubuhi moja mume wangu alikuja na lori la rafiki yake. Lori lilipita nyumba kwa nyumba, watu wakapandisha watoto, mbuzi, masufuria. Lilisimama mara kumi na moja. Dereva wa nyumba ya mwisho alikuwa safarini Koboko tangu juma lililotangulia, kwa hiyo hapakuwa na mwanamume wa kuja kutuuliza kama kuna nafasi. Tulipofika mwisho wa mtaa nilimwona yule mama amesimama mbele ya mlango wake, beseni la nguo mkononi, akisubiri lori lisimame. Rafiki wa mume wangu, aliyeendesha, hakujua kama nyumba ile ina watu. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa nyuma, mgongo kwenye cherehani yangu, na ningeweza kupiga bati la lori kwa kiganja, mara moja tu. Sikupiga. Tulimpita, naye hakupunga mkono wala kuita. Nilimwona akigeuka taratibu kuingia ndani, na vumbi likamfunika.

Tulikaa Midia, karibu na mpaka, kwa wifi yangu, na siku mambo yalipochacha tulivuka mpaka tukalala porini, kisha tukarudi Midia tena. Miezi ilipita. Waliotoka upande wa Arua walituambia kwamba mitaa iliyoachwa wazi inabomolewa: kuna watu wasiojulikana wanakuja na malori, wanang'oa milango, madirisha na mabati, wanaacha kuta tu. Mume wangu alikuwa na homa, na mwanamume njiani alitiliwa shaka kuliko mwanamke. Nikaamua kwenda mwenyewe kuona kilichobaki. Nilipanda gari la tumbaku hadi karibu na mji, nikatembea sehemu iliyosalia. Mtaa wa kwanza nilioupita ulikuwa kama walivyosema, kuta zisizo na paa, majani yameota sebuleni. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia nilipopanda kile kilima kidogo na kuona mtaa wetu.

Ilikuwa kama saa tisa mchana. Mabati yote yalikuwa juu. Moshi ulitoka katika majiko ya nyuma, si jiko moja wala mawili, bali safu nzima. Nguo zilikuwa kambani kila uani, na nyingi zilikuwa za watoto. Nilifurahi, halafu nikaona wivu: kumbe wenzangu wamerudi bila kuniambia! Nikaongeza mwendo, nikaingia mtaani nikiita hodi kwa sauti ya kicheko. Hakuna aliyeitika. Nikaingia nyumba ya kwanza. Viatu vya watoto vilipangwa mlangoni, viwili viwili, vimekakamaa kwa mvua na jua. Jikoni moto uliwaka, sufuria ilichemka, nikafunua kifuniko: maji matupu. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Harufu ya moshi ilijaa kila mahali, lakini harufu ya chakula haikuwako. Nguo za kambani zilikuwa zimepauka hadi rangi haijulikani, kama zilizoanikwa siku tuliyoondoka zikaachwa hapo. Na viwanja vyote vilikuwa vimefagiliwa, mistari ya ufagio ikionekana wazi, na juu ya mistari ile kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Nilizifuata nyumba hadi nyumba. Zilikuwa za mguu uleule, mtupu, mrefu.

Nilisimama uani kwangu, mbele ya gauni dogo la binti yangu lililokuwa kambani, nikijaribu kukumbuka sala. Hapo ndipo niliposikia sauti ya mwanamke, kutoka nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, ikimwita binti yangu kwa jina. "Kuja kula! Chakula nakuwa baridi! Wewe nacheza mpaka saa ngapi?" Binti yangu nilikuwa nimemwacha Midia. Nikakaa chini palepale. Akatokea pembeni mwa jiko, amekonda, mrefu kama zamani, kuni zimefungwa mgongoni. Aliponiona hakushtuka.

"Mama, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Napika."

"Unampikia nani? Watu hapana iko!"

"Sema polepole," alisema, akitazama barabarani. "Mutu ya lori anaweza kusikia." Halafu akainua sauti, akaielekeza nyumba ya jirani: "Baba yao, toa baiskeli kwa njia! Watoto ataanguka!" Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, kisha akaweka kuni chini.

Alinieleza tukiwa tumechuchumaa jikoni kwangu. Wiki ya pili baada ya sisi kuondoka, lori lilikuja, watu wakaanza kung'oa mlango wa nyumba ya kwanza. Yeye alikuwa ndani na mkwe wake, hana la kufanya, hofu imemshika. Kwa kuchanganyikiwa akapiga kelele akiita watoto, majina yaliyomjia kwanza. Wale watu wakasimama. "Mmoja alisema, kumbe hii iko na watu. Waliacha mlango, walienda." Tangu siku ile aliwasha moto kila nyumba asubuhi na mchana, akafagia, akabadilisha viatu mahali, akatwanga, akaita. Kuni alizitafuta bondeni. Alikula mihogo aliyoichimba kwenye viwanja vyetu, na kila alipochimba alipanda tena kipande cha shina. Mwezi wa pili tangu tuondoke, mkwe wake alifariki. Alimchimbia kaburi peke yake nyuma ya nyumba, kwa jembe, siku mbili, na siku ya pili alisimama mara tatu kwenda kuchochea moto wa majirani usizimike.

"Sasa mkwe wako amekufa," nilisema, "kwa nini hukuondoka?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Watoto ilikuwa nanizoea," akasema.

Sikupata muda wa kuuliza ni watoto gani, maana lori lilisikika likipanda kilima. Alinyanyuka mara moja. Alinisukuma kuelekea nyumba ya nne, akaniambia nitwange kwenye kinu na nimwite binti yangu, nigombe, nisinyamaze. Yeye akakimbilia nyumba ya saba. Nilitwanga kinu kitupu huku nikilia, nikiita jina la mwanangu ambaye hakuwako, na kwa mbali nilisikia kinu chake kikijibu changu. Lori lilipunguza mwendo. Kupitia mwanya wa jiko niliona wanaume wamesimama nyuma yake, mitaimbo mkononi, wakitazama moshi na nguo. Na katika ule muda wa wao kutazama nikasikia kinu cha tatu, upande wa nyumba ya kumi, kikitwanga taratibu, kwa mapigo yake yenyewe. Lori likaongeza moto, likaenda zake.

Nilipomuuliza kuhusu kile kinu cha tatu, alikuwa ameinama anapanga viatu. "Iko hivyo siku yote," alisema, basi. Nimejiambia mara nyingi kwamba ulikuwa mwangwi wa kuta. Huenda. Nyumba ya kumi niliingia jioni ile, kukiwa bado kweupe. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, utando wa buibui umefunga mdomo wake.

Usiku ule nilijificha ndani ya nyumba yake, kwa hofu ya lori kurudi. Kesho yake nilirudi Midia kuwachukua wangu, na wengine wakaja baada yetu, kidogo kidogo, wakakuta nyumba zao zina milango. Familia tano hazikurudi kabisa. Mume wake pia hakurudi. Wapo waliosema alionekana akivuka mpaka, wapo waliosema mengine. Taabu nyingine zilitupata baadaye, lakini hizo si za leo. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mama aliyemnyima tena mtoto ruhusa ya kula nyumba ya mwisho. Walishinda kule, wakajifunza kusuka. Ila kwa miaka mingi, mchana ulipofika, alitoka mlangoni na kuita wote, na kati ya majina aliyoita yalikuwemo ya watoto wa zile familia tano. Watoto wetu walizoea. Walisogea mkekani na kuacha nafasi. Wageni waliokuja kututembelea walikuwa wakituuliza kwa sauti ya chini kulikoni, nasi tuliwaambia wakae wale.

Nilichukua miaka kumi na mmoja kupata ujasiri wa kumwambia. Tulikuwa wawili, tunachambua simsim, ufuta wa kwetu. Nilimwambia kwamba siku ile nilimwona na beseni, na kwamba nilinyamaza.

"Niliona wewe," alisema.

"Basi mbona hukunisema kwa watu?"

"Lori ilijaa."

"Haikujaa. Kulikuwa na nafasi ya watu wawili. Niliweka cherehani."

Aliendelea kupepeta. "Ilijaa," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango ili mgeni asipigwe na upepo. Hatukulizungumza tena, na tangu siku hiyo sijui kama nilisamehewa au nilionewa huruma tu.

Sasa ninaishi kwenye mtaa mwingine, nje ya jiji lingine, wenye mageti na taa za barabarani, na wazazi vijana huniandikia wakiuliza watafute mtaa wa namna gani wa kulelea watoto. Wananiuliza kuhusu shule, maji, umbali wa kazini. Hayo ni ya kuuliza, sikatai. Lakini mkishahamia, mkishapanga vitu, zungukeni nyumba zote na mwulize ni ipi ambayo watu hawabishi hodi. Kila mtaa unayo. Majirani watawaonyesha kwa macho, bila kunyoosha kidole. Nendeni huko kwanza, na mtoto mkononi. Mkiona haya, nendeni na haya zenu. Mimi nilikaa jirani na mlango kama huo kwa miaka minane, hatua arubaini kutoka kwangu, na siku ya kwanza niliyoingia ndani yake nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.