Mayaka Si Kona

Gari bado haijajaa, kwa hivyo nisikilizeni. Na wewe mwenye kofia, acha kuukodolea macho mguu wangu wa mbao, haukuumi. Naitwa Omosa. Niliendesha lori ya tumbaku kutoka Kehancha miaka kumi na tisa, halafu nikawa nafundisha watu udereva huko Migori. Mkitoka hapa Rodi kuteremka Homa Bay, mtafika kwenye kona mbaya na makanga ataita, "Mayaka! Kuna wa Mayaka?" Nataka mjue hilo jina limetoka wapi, maana mimi ndiye niliyelileta.

Mayaka alikuwa fundi wa breki pale Migori, na alikuwa rafiki yangu. Asubuhi moja mwaka wa 2007 alinibadilishia breki za lori. Jioni ya siku hiyohiyo nikapinduka kwenye kona hiyo. Mke wangu Nyasuguta alikuwa ameketi kando yangu, tukienda kumwona dadake Homa Bay. Yeye akafa, mimi nikakatwa mguu. Watu walipokuja kuniuliza hospitalini kulitokea nini, nikawajibu maneno mawili: breki ilikataa.

Basi. Nani tena angempelekea Mayaka gari lake? Wateja wakahama. Wamama waliokuwa wakimsalimu wakawa wanavuka barabara. Madereva nao wakaanza kuonyana, "Punguza, hapo ni kwa breki za Mayaka," halafu breki zikaachwa njiani, likabaki jina. Mwaka haukuisha kabla hajafunga gereji akaenda Rusinga kwa kina mkewe. Binti yangu Valentine alikuwa na miaka tisa wakati huo. Alikua akijua kuna mtu anaitwa Mayaka aliyemuua mama yake, na mimi nikamwacha ajue hivyo.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, Hamud akaleta gari. Hamud ni mfanyabiashara wa Migori, anakodisha magari ya harusi. Ilikuwa gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, gia za mkono, imelala chini hata kuku hapiti. Kila kijana wa mjini alitaka kuiendesha. Hamud akaniambia, "Mzee Omosa, Valentine ameniomba kazi ya kuiendesha. Nenda naye Homa Bay mrudi. Ukiniambia anajua kona, funguo ni zake."

Kuingia humo ndani ilikuwa kazi. Mguu mmoja niliukunja, mwingine nikauvuta kwa mikono. Valentine akacheka, "Baba, ukitoka humu tutakuchomoa na jeki."

Mpaka Rongo nilimfundisha, na haki ya Mungu, mtoto anafundishika. Nikamwambia, punguza kwa breki gari ikiwa bado imenyooka. Kanyaga klachi, guza mafuta kidogo injini iamke, shusha gia, achilia klachi. Yote hayo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukishushia ndani, magurudumu ya nyuma yanashtuka na gari nyepesi kama hii inazunguka ikutazamishe ulikotoka. Ukishaingia, injini ndiyo inakushikia, wewe unaipa mafuta taratibu tu. Akafanya hivyo mara moja, mara mbili, na kila mara injini ilinguruma na gari ikatulia kama imeshikwa shati. Nilikuwa na furaha jamani, sitadanganya.

Tukapita hapa mlipokaa. Mteremko ukaanza, na mara nikasikia kimya. Alikuwa ametoa gia. Ameweka fri.

Madereva mnajua ninachosema, msijifanye wageni. Unashuka mlima gia ikiwa imetolewa ili mafuta yabaki, na breki inaachiwa ibebe gari peke yake.

"Rudisha gia," nikamwambia.

"Aa, tulia Baba. Si hivi ndivyo wewe ulivyokuwa ukishuka? Nilipokuwa mdogo, ukinibeba wakati wa likizo, nilikuwa nangoja nifike hapa nisikie hiki kimya. Mama alikuwa anasema tunapaa."

"Valentine, rudisha gia!"

"Breki ni mpya. Hakuna Mayaka aliyezigusa."

Kona ya kwanza ikamjia kwa kasi. Akakanyaga breki akiwa ndani, nyuma ikateleza mpaka kwenye changarawe, halafu ikarudi. Akacheka, lakini mikono ilikuwa imekakamaa kwenye usukani. Mimi nilishaisikia harufu ya breki, na naijua harufu hiyo. Kona iliyofuata ilikuwa Mayaka.

Niliogopa kuliko siku ile ya lori. Kumpigia kelele kulikuwa kumeshindwa, na hakuogopa fri kwa sababu mimi nilikuwa nimempa kitu kingine cha kuogopa. Nikinyamaza, nitamzika. Nikisema, sitakuwa na binti.

"Breki haikukataa," nikasema. "Lori ilikuwa fri. Mama yako ni mimi niliyemuua."

Hakuniangalia. Namshukuru Mungu hakuniangalia. Breki, klachi, mafuta kidogo, tatu. Tena, mbili. Injini ikalia, gari ikashikwa, tukaizunguka ile kona tukiwa upande wetu wa barabara, vizuri kuliko nilivyowahi kuizunguka mimi. Kisha akasimama kando, akatoka, akatapika kwenye mahindi ya watu.

Aliporudi akauliza, "Mayaka yuko hai?"

"Yuko Rusinga."

Akaendesha mpaka Mbita, akavuka daraja la kuingia kisiwani Rusinga. Tuliulizauliza mpaka tukamkuta chini ya mabati karibu na maji, mvi kichwa kizima, amefungua injini ya boti juu ya gunia. Alipoiona ile gari alikuja akachuchumaa akitazama magurudumu, mikono ameiweka nyuma.

"Breki zimechomwa hizi," akasema. "Lakini mimi sigusi breki za watu. Natengeneza boti. Boti haina breki."

Valentine akanitazama hadi nikafungua mdomo. Nikamwambia Mayaka kwamba siku ile nilishuka nikiwa nimeweka fri.

"Najua," akasema. "Nilienda kuiangalia lori. Gia ilikuwa imetolewa, na breki zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi, zile mpya nilizokuwekea asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazika mke, Omosa. Nikasema nitangoja upone, utakuja useme mwenyewe." Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Nikangoja."

Nililia mbele yake kama mtoto. Hakunifukuza wala hakunishika bega. Alimletea Valentine kiti, akampa chai, akamwambia kwamba marehemu Nyasuguta alikuwa akimletea uji gereji kila nilipompelekea lori yangu. Mimi sikuletewa kiti.

Tuliporudi, Valentine akasimamisha gari hapahapa Rodi. "Shuka uwaambie," akasema.

Nikashuka. Makanga walikuwa watatu au wanne. Nikawaeleza yote, hadharani, mguu wa mbao na machozi na kila kitu. Wakanisikiliza kwa heshima, hilo siwanyimi. Kisha mmoja akanishika mkono, "Pole sana, mzee. Lakini Mayaka ni kona, si mtu." Gari ikafika, akaigonga ubavuni akaanza kuita, "Homa Bay, Mayaka, Homa Bay!"

Nikarudi kwenye gari ya Hamud. Valentine akauliza, "Wamesemaje?"

"Wanasema Mayaka ni kona."

Akaweka gia ya kwanza. "Basi utarudi kesho," akasema. "Na kesho kutwa." Hakuniita Baba, na mpaka leo hajaniita. Funguo anazo, harusi anabeba. Akipita hapa ananipigia honi moja.

Kwa hivyo mnanikuta hapa kila siku, isipokuwa Sabato. Haya, gari imejaa, pandeni. Mkifika pale, makanga akiuliza nani anashuka Mayaka, mwambieni yuko Rusinga, anatengeneza boti.