Visahani Visivyopewa Dawa

Pale maabara walimwita Mama Visahani, na hakukasirika, maana hata yeye alijua watoto wake ni wale. Kila asubuhi alifungua kabati la joto, akatoa visahani vya plastiki na kuziangalia kwa darubini seli za misuli ya mishipa ya damu. Zilikuwa na uroho wa ajabu. Ukizilisha leo, kesho zimejaa kisahani kizima.

Uroho huohuo ndio uliokuwa ukimmaliza kaka yake, fundi cherehani. Mwaka jana walimwekea kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo ulioziba. Misuli ya mshipa ikaota juu ya waya, na njia ya damu ikaanza kuziba tena, hata hospitali wakampangia upasuaji.

Basi siku unga wa mizizi waliokuwa wakiuchunguza ulipozizuia zile seli kuzaliana, Mama Visahani alikimbilia kwa kaka yake. Mdomo huponza kichwa. Wake uliponza kichwa cha mwingine.

"Kaka, zimesimama! Hazikui hata kidogo!"

"Kumbe! Mimi nilidhani huko unaosha vyombo tu," kaka akamtania, macho yakimng'aa.

Sasa, unga ule hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo aliuyeyusha kwa kimiminika kikali. Sheria ya kazi inataka visahani vya kulinganishia vipewe kimiminika hichohicho, bila dawa. Yeye, mwenye miaka kumi na tisa kazini, kwa pupa alivipa maji. Aliporudia jaribio inavyotakiwa, visahani visivyopewa dawa navyo vilisimama vilevile. Kimiminika ndicho kilichokuwa kikizidhuru seli. Mizizi haikufanya lolote. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kusema ukweli.

Alimkuta kaka yake amekaa mbele ya cherehani, anatweta kati ya mshono na mshono.

"Kaka, nilikosea. Ile dawa si dawa. Wapigie hospitali, waambie utafanyiwa ule upasuaji."

Fundi akatoa mguu kwenye kanyagio, taratibu.

"Upasuaji ulikuwa Jumanne iliyopita. Nilimpisha mgonjwa mwenzangu."

"Na zamu nyingine?"

"Mwakani. Daktari alinigombeza, akasema moyo huu hautafika mwakani. Nikamwambia asihofu, mdogo wangu yuko maabara."