Karanga za Nyumbani

Wakati ule kila mgeni aliyeshuka Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa amefuata gesi. Mimi nilikuwa nimefuata maini ya watu.

"Dotora, nawe ni wa gesi?" muuza samaki aliniuliza sokoni, kwa jina wanalomwitia daktari mwanamke.

"Hapana. Natafiti ugonjwa wa ini."

"Ini? Bora ungekuwa wa gesi. Wale hawatutoi damu."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikarudi chumbani kula peke yangu.

Nilipanga kwa mama mmoja aliyeuza karanga. Nilipofika, mumewe alikuwa amelala kitandani, tumbo limejaa. Nilimtoa damu, nikampima kwa ekografia, mashine ndogo inayoonyesha picha ya ndani ya mwili, nikaona uvimbe umekwisha kulienea ini. Hospitali ya Pemba, mji mkuu wa jimbo, alikwisha kwenda, wakamrudisha nyumbani. Hakuumaliza msimu wa mavuno. Baada ya mazishi majirani walianza kuniamkia kwa mbali. Nilikuwa yule atoaye watu damu, na aliyetolewa amekufa.

Mama akakaa eda. Wanawake waliokuja kumpa pole waliporudi kwao, tulibaki wawili, na alasiri nilikuwa nikikaa naye uani tukichambua karanga. Nono, zenye ngozi nyekundu isiyo na doa, alizitia guniani. Zile zilikuwa za mnunuzi wa kambi ya gesi. Zilizosinyaa na zenye vumbi la kijani alizitia kwenye sufuria, za mchuzi. Nyumba nyingi nilizozitembelea zilifanya vivyo hivyo. Zamani mnunuzi alichukua mchanganyiko, na nyumba ikala mchanganyiko. Kambi ilipotaka safi tupu, nyumba zikabaki na mabaki tupu.

Lile vumbi la kijani ni kuvu. Huota karanga zikiwekwa na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Mtu akiwa na kirusi cha homa ya ini, ambacho wengine huzaliwa nacho bila kujua, halafu akaila sumu hiyo mwaka baada ya mwaka, ini lake hushambuliwa kutoka pande mbili. Jambo hili nimewaeleza watu wengi, na huwa napenda kulieleza, kwa sababu kinga yake haihitaji daktari: anika vizuri, chambua, tupa mbovu.

Kumweleza mama ilikuwa kazi nyingine. Nikinyamaza, ataendelea kuzila. Nikisema, atajua alichokuwa akimpikia mumewe.

"Mama, hizi za sufuria zinadhuru ini."

Mikono yake haikusimama. "Nzuri ni za kuuza, dotora. Ndizo zinazoninunulia sabuni; nani anakula sabuni yake?"

"Nakwambia kwa kuwa nawe unazila."

Hapo ikasimama. "Na yeye alizila."

"Alizila."

"Nilimpikia mimi."

Nikamweleza polepole. Kwamba kirusi yaelekea alikuwa nacho tangu utotoni, kabla hawajajuana. Kwamba hakuna kipimo kinachoweza kusema kipi kilimuua. Kwamba yeye mwenyewe alikula sahani ileile, na mtu halaumiwi kwa asichokijua. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililomfaa.

"Haya," alisema, akaingia ndani.

Siku nyingi hatukuvuka salamu. Helikopta zilipita juu ya ghuba ya Tungue zikielekea kwenye meli za gesi, nami nikaandika ripoti kwa Kireno, za kusomwa na watu wa Maputo ambao hawakuwahi kuniuliza kama nimekula. Uani nilichungulia mara kwa mara. Ungo ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Kisha akaja mnunuzi wa kambi. Mama alimjibu kutoka ndani, pasipo kutokeza.

"Mama, mbona gunia nusu? Nyingine zimekwenda wapi?"

"Zimeliwa."

"Hizi nzuri? Zimeliwa na nani?"

"Na wenyewe."

Akaondoka akinung'unika. Pembeni mwa ua niliona udongo umefukuliwa na kushindiliwa upya. Zile mbovu hata kuku hakuwapa.

Jioni nilikuta sahani mlangoni pangu, imefunikwa kawa. Samaki kwa mchuzi wa karanga. Ule uchungu niliouzoea nyuma ya ulimi, kila nilipokaribishwa mchuzi katika nyumba za Palma, haukuwamo. Nilikuwa nimekaa mkekani, katikati ya chakula, sauti yake iliponijia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Dotora, mchuzi umekolea?"

"Umekolea, mama."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiondolewa, naye akaanza kula.